Sura ya Sita: Sifuri Si Lengo

Tumbawe lenye njaa halina dalili za kushtua. Rangi yake hupauka taratibu, kahawia iliyokolea ikawa hafifu, hafifu ikawa karibu na nyeupe. Polipu zilizokuwa zikichanua vizuri usiku huanza kutoka nusunusu. Ngozi hujivuta juu ya mifupa mpaka kingo za vile vikombe vidogo ambamo polipu hukaa zinaanza kuonekana. Mwenye tangi anapima maji, anakuta naitreti sifuri na fosfeti sifuri, naye anashusha pumzi kwa kuwa maji ni safi. Basi anamtafuta mchawi kwingine. Anashuku taa, anashuku chumvi, anabadilisha maji mengi zaidi, anaongeza dawa ya kunyonya fosfeti ili asije akajuta. Kila hatua anayochukua inazidi kulinyima tumbawe kile kile linachokikosa.

Kwa ninavyoona mimi, siku hizi matumbawe mengi ya nyumbani hudhoofika kwa njaa kuliko kwa uchafu, na chanzo ni kwamba tumefundishwa kuziogopa namba hizi mbili kama sumu. Naitreti ni mojawapo ya njia ambazo tumbawe hupatia naitrojeni ya kujengea protini. Fosfeti ndiyo fosforasi inayounda utando wa seli na vinasaba, na bila hiyo seli haina namna ya kubeba nishati yake. Mfugaji hana kazi ya kuviondoa virutubisho hivi. Kazi yake ni kuangalia vinaingia na kutoka kwa mwendo unaolingana, na kuhakikisha hakuna hata kimoja kinachokwisha kabisa.

Hofu yenyewe haikuzuka hivihivi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Tropical Fish Hobbyist namna alivyofuga viumbe wa baharini kwa mawe yaliyotolewa baharini, mwanga na mapovu ya hewa tu. Kwake bahari ilikuwa jirani. Wafugaji wa Ulaya hawakuwa na bahati hiyo, na kwa miaka mingi walitegemea vichujio vilivyokuwa hodari wa kugeuza amonia, ile inayotoka kwenye matamvua ya samaki, kuwa naitreti, lakini visivyo na njia ya kuitoa naitreti hiyo. Ikarundikana. Samaki walivumilia, matumbawe ya mawe yakashindwa. Kisha, katika miaka ya 1970 na 1980, wafugaji wa Ujerumani, Dietrich Stüber wa Berlin akiwa miongoni mwao, pamoja na maandishi ya Peter Wilkens, walibadili mambo. Waliweka mawe hai mengi, taa kali, maji ya chokaa ya kuongeza kalisi, na skima kubwa. Skima ni mnara wa maji unaopulizwa mapovu madogo sana. Uchafu hunata kwenye mapovu, hupanda nayo na kumwagika kwenye kikombe cha juu kabla haujaoza. Tumbawe la Acropora alilofuga Stüber lilikatwa vipande vikasambaa katika matangi ya Ulaya, na huenda bado kuna watu wanaolilea bila kujua lilikotoka.

Yale yalikuwa mafanikio ya kweli. Ila somo lililobaki vichwani mwa watu likawa fupi mno, kwamba namba ikishuka tangi linakuwa bora. Skima zikaongezwa nguvu, zikaja chembechembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti, na leo mtu yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kuifikia sifuri ambayo zamani ilikuwa ndoto.

Msomaji makini atauliza: mbona bahari yenyewe iko karibu na sifuri? Ni kweli. Kwenye miamba iliyo mbali na mito na miji, fosfeti kwa kawaida ni kati ya miligramu 0.01 na 0.03 kwa lita, na naitreti mara nyingi haifiki hata 0.1. Lakini kipimo hicho kinaonyesha kilichobaki, hakionyeshi kilichopita. Sinia likirudi tupu jikoni huwezi kusema wageni hawakula. Juu ya mwamba maji hayakomi kupita mchana na usiku, na ndani yake mna vijidudu, mayai ya samaki, makamasi, kinyesi, na amonia inayotoka kwenye matamvua ya maelfu ya samaki. Kila chembe inanyakuliwa mara tu inapofika. Virutubisho ni vichache majini kwa sababu vinaliwa upesi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu. Mwaka 1983 Judy Meyer, Eric Schultz na Gene Helfman waliandika katika jarida la Science juu ya samaki wa jamii ya Haemulon katika Karibiani, ambao usiku huenda kula kwenye nyasi za baharini na mchana hurudi kupumzika juu ya matumbawe. Matumbawe yaliyokuwa na wageni hao yalipata naitrojeni na fosforasi zaidi, na yalikua haraka kuliko yale yasiyo na samaki. Huku kwetu katika Bahari ya Hindi, visiwa vya Chagos vimetoa somo linalokaribiana na hilo. Baadhi ya visiwa vile vililetewa panya na meli za zamani, na panya wakawamaliza ndege wa baharini. Vingine havikupata panya, ndege wakabaki kwa wingi, na kinyesi chao huoshwa na mvua hadi kwenye mwamba. Mwaka 2023 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walieleza katika jarida la Nature kwamba matumbawe yaliyo jirani na visiwa vya ndege hukua haraka zaidi, na kwamba naitrojeni ya ndege hao imo ndani ya miili ya matumbawe hayo.

Utafiti huo ulikuwa na sehemu ya pili iliyofanyiwa ndani ya matangi, na ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wafugaji. Ndani ya ngozi ya tumbawe vinaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinavyotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Hayo tuliyajua. Walichoonyesha watafiti wa Southampton ni kwamba tumbawe haliridhiki na sukari. Vimwani hufyonza naitrojeni na fosforasi kutoka majini, huzaliana, kisha tumbawe humeng'enya baadhi yao na kupata virutubisho ambavyo lisingeweza kuvipata peke yake. Matumbawe yasiyolishwa chochote yaliendelea kukua maadamu maji yalikuwa na naitreti na fosfeti. Yaliyonyimwa yalidumaa. Tumbawe ni mkulima, na naitreti na fosfeti ndizo mbolea ya shamba lake.

Namba hizi mbili hazina uzito sawa, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Mwaka 2013 maabara hiyo hiyo ya Southampton ilichapisha katika jarida la Nature Climate Change matokeo ambayo kila mwenye tangi angepaswa kuyajua. Matumbawe yaliyowekwa kwenye maji yenye naitreti nyingi na fosfeti iliyokwisha yalipauka kwa urahisi zaidi yalipopata joto na mwanga mkali. Naitrojeni inaviambia vimwani vizaliane. Vinazaliana, lakini fosforasi ya kujengea utando wa seli mpya haipo, basi vinatumia malighafi mbadala na kutengeneza utando dhaifu. Taa ikiwa kali, mtambo wao wa kutumia mwanga unaharibika, na tumbawe huvitoa nje. Kwa hiyo, kati ya hali zote mbaya ambazo tangi linaweza kufikia, naiogopa zaidi ile ya naitreti 20 na fosfeti sifuri. Ni hali rahisi mno kuitengeneza: unanunua chembechembe za oksidi ya chuma, unazijaza kwenye kichujio zaidi ya inavyohitajika, zinafagia fosfeti yote, na naitreti hazigusi.

Sasa tuangalie virutubisho hivi vinatoka wapi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na inafungua macho. Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida huwa na fosforasi karibu asilimia 1, na protini karibu asilimia 45. Chukua gramu moja ya chakula hicho. Ndani yake mna miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikigeuka fosfeti ni kama miligramu 30. Protini yake ina takriban miligramu 72 za naitrojeni, ambazo zikigeuka naitreti zote ni kama miligramu 320. Iangushe gramu hiyo kwenye tangi la lita 300 lisilo na njia yoyote ya kutolea uchafu, na mwishowe maji yatakuwa yameongezeka fosfeti miligramu 0.1 na naitreti miligramu 1 kwa kila lita. Gramu moja tu! Ndiyo maana mwenye samaki wachache wanaolishwa kidogo, na skima kubwa inayofanya kazi saa 24, anaweza kujikuta hana kitu majini, wakati jirani yake anayelisha kwa mkono mkunjufu anapigana na mwani wa kijani kila Jumamosi.

Naitreti kumi kwa fosfeti moja, kwa uzito: uwiano huo hautokei kwa bahati. Alfred Redfield, mwanasayansi wa Marekani, alianza kuuonyesha mwaka 1934 alipogundua kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini vina naitrojeni na fosforasi kwa uwiano usiobadilika sana, ambao baadaye ulikadiriwa kuwa karibu atomu 16 kwa 1, na kwamba maji ya bahari kuu yanafuata uwiano huo huo. Ukiugeuza kuwa uzito wa naitreti na fosfeti unapata karibu 10 kwa 1. Wapo wafugaji walioufanya uwiano huu kuwa sheria na wanahangaika kuufikia hadi desimali. Siwaungi mkono. Redfield alieleza miili ya viumbe imeundwa vipi. Hakuandika dawa ya maji ya tangi. Tangi lenye naitreti 8 na fosfeti 0.05 halina ugonjwa wowote, ingawa uwiano wake ni 160 kwa 1. Lenye naitreti 0.5 na fosfeti 0.05 limepatia uwiano barabara, na kesho yake naitreti inaweza kuwa imekwisha.

Kinachoingia lazima kitoke, na hapo naitrojeni na fosforasi zinaachana njia. Naitrojeni ina mlango wa hewani. Ndani kabisa ya mawe hai na chini ya mchanga, mahali ambapo oksijeni haifiki, wanaishi bakteria wanaoivunja naitreti na kuiachia naitrojeni ikiwa gesi ya kawaida, ile ile inayojaza sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Mawe mazuri yenye vitundu vingi yanaweza kumaliza kazi hii kimyakimya bila mfugaji kujua. Fosforasi haina mlango huo. Haigeuki gesi. Iliyoingia kwenye tangi itabaki humo mpaka mtu aibebe kwa mkono: ndani ya kikombe cha skima, ndani ya mwani uliovunwa, kwenye maji yanayomwagwa, ndani ya kitambaa cha kuchujia, au ndani ya tumbawe lenyewe linapokua na kukatwa.

Na kabla haijatoka, fosforasi hujificha. Mawe na mchanga wa tangi la matumbawe ni chokaa, na fosfeti hupenda kunata kwenye chokaa. Fosfeti ikipanda majini, mawe hunywa; ikishuka, mawe hutema. Kipimo chako kinaona maji peke yake, na hazina kubwa iko kwenye mawe. Kwa hiyo mtu mwenye tangi la miaka mingi, fosfeti 0.4, anaweka dawa ya kunyonya, anapima baada ya siku tatu anakuta 0.2, anafurahi, na wiki inayofuata inasoma 0.35. Dawa ilifanya kazi, mawe yamerudisha. Ataendelea hivyo kwa wiki kadhaa, akibadilisha chembechembe kila zinapochoka, mpaka hazina ipungue. Jambo hilo hilo hutokea kinyumenyume kwenye tangi jipya lililojengwa kwa mawe makavu: unaongeza fosfeti leo, kesho sifuri, keshokutwa sifuri. Mawe bado yana kiu. Asiyejua hili hukata tamaa au huongeza dozi kwa pupa, na siku mawe yanaposhiba, namba inaruka.

Kubadilisha maji ndiyo dawa inayopendekezwa kila mahali, nami naitetea kwa sababu nyingine, hasa kurudisha madini yaliyotumika. Kwa naitreti, tuseme ukweli, nguvu yake ni ndogo. Ukiwa na naitreti 40 na ukabadilisha asilimia 10 ya maji, unabaki na 36. Na kama tangi lako huzalisha naitreti 2 kila wiki, na wewe kila wiki unabadilisha asilimia 10, namba itasogea mpaka ifike 20 na kukaa hapo: utakuwa unatoa 2 na zinaingia 2. Ukitaka isimame chini ya hapo, punguza kinachoingia au tafuta njia nyingine ya kutoa. Hakikisha pia maji unayoingiza ni safi. Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuja na naitreti na fosfeti zake; yapitishe kwenye mtambo wa kuchuja mpaka kipima-madini kisome sifuri, ndipo uweke chumvi. Kwenye ndoo hiyo sifuri ni lengo halali. Wanaoishi ufukweni na kuteka maji ya bahari wayapime kwanza, na wasiteke karibu na mji wala midomo ya mito, hasa baada ya mvua.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mwani. Unatenga chumba kidogo kwenye tangi la chini, unaweka fungu la Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana, na taa yake unaiwasha usiku matumbawe yakiwa gizani. Mwani huo unakua, unafyonza naitrojeni na fosforasi kwa pamoja, na kwa kutumia kaboni dioksaidi usiku unazuia pH isishuke sana kabla ya alfajiri. Kila baada ya muda unang'oa nusu yake na kuitupa. Uzuri wake mwingine ni kwamba virutubisho vikipungua mwani wenyewe hupunguza kasi ya kukua, jambo ambalo skima na oksidi ya chuma haviwezi.

Njia ya kaboni ina nguvu zaidi na inataka mtu mtulivu. Bakteria wa majini wana naitrojeni na fosforasi ya kutosha lakini wana upungufu wa kaboni rahisi. Ukiwapa, huzaliana haraka, hubeba naitreti na fosfeti ndani ya miili yao, na skima huwatoa. Wazungu walizoea kutumia vodka. Siki nyeupe hufanya kazi ile ile, na hakuna sababu ya mtu kuingiza pombe nyumbani kwake kwa ajili ya tangi. Kwa lita 300 anza na mililita 2 kwa siku, upande polepole wiki hadi wiki, na usiongeze kabla ya kupima. Ukizidisha, bakteria hula oksijeni, maji huwa na ukungu, na samaki huonekana wakihema juu ya maji. Kumbuka pia kwamba bakteria huchukua naitrojeni nyingi kuliko fosforasi. Naitreti ikiisha, kazi inasimama, na fosfeti iliyobaki itabaki. Chumvi ya lanthanamu, inayogandisha fosfeti ndani ya maji, siishauri kwa anayeanza. Chembe zake zikifika kwenye matamvua ya samaki zinaweza kuwadhuru.

Vipimo vinahitaji mkono mtulivu. Kile kichupa cha kioo kinachoingizwa kwenye mashine ya fosfeti kina ukubwa wa kidole gumba, na alama ya kidole, tone la maji ubavuni au kipovu kimoja kilichong'ang'ania ndani vinatosha kubadilisha jibu kwa kiasi kinachozidi namba unayoitafuta. Kifute kwa kitambaa laini, kigongegonge taratibu mapovu yapande, na kiingize upande ule ule kila mara. Soma pia maandishi ya kifaa chako, maana kuna mashine zinazotoa jibu la fosforasi kwa sehemu za bilioni. Ili upate fosfeti kwa miligramu kwa lita, zidisha kwa 3.066 kisha gawanya kwa 1,000. Ikisoma 16, fosfeti ni karibu 0.05. Vivyo hivyo kuna vipimo vinavyotaja naitrojeni iliyomo kwenye naitreti, na hapo unazidisha kwa 4.43. Kwenye tangi changa, nitriti huweza kuipandisha naitreti kwa uongo. Pima saa ile ile ya siku, kabla ya kulisha, na uandike kwenye daftari. Namba moja haina habari nyingi. Mwelekeo wa wiki nne ndio unaosema.

Kwa tangi la matumbawe mchanganyiko napenda naitreti ikae kati ya 5 na 10, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.10. Matumbawe laini yanavumilia zaidi ya hapo bila shida, na wapo wafugaji wenye Acropora za kupendeza katika naitreti 20. Usijilazimishe kushusha namba ya tangi lenye afya kwa sababu tu imepita niliyoandika hapa. Lakini dari lipo. Fosfeti nyingi huzuia chokaa kujengeka vizuri. Jarida la Ambio la mwaka 1995 lilichapisha kazi ya Mats Björk, Adelaida Semesi na wenzao kuhusu Zanzibar, ambako ule mwani mgumu wa waridi unaogundisha mwamba ulipungua kadiri walivyokaribia maji taka ya mji, na maabara ikaonyesha kwamba fosfeti ni mojawapo ya sababu. Mwani huo wa waridi ni mwalimu mzuri hata nyumbani. Unapotambaa vizuri juu ya mawe na kioo, mambo kwa kawaida yako sawa. Na iwapo tangi lako lina virutubisho vichache, usipandishe alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke). Kwa uzoefu wa wafugaji wengi, alkalini ya juu na njaa huunguza ncha za Acropora. Baki karibu na 7 hadi 8 kwa kipimo cha dKH.

Sasa turudi kwa yule aliyefika sifuri. Dalili mbaya kuliko tumbawe kupauka ni utando wa kahawia wenye mapovu, unaonata mchangani na kwenye matawi mchana na kupungua usiku. Mara nyingi hao ni dinoflajeleti, jamii kama Ostreopsis na Amphidinium, ambao hunawiri washindani wao wa kawaida wanapokufa njaa. Baadhi wana sumu, na konokono wanaowala hulala chali. Hapo acha kubadilisha maji, ondoa oksidi ya chuma, na lisha.

Kulisha ndiyo hatua ya kwanza kwa tangi lolote lenye njaa. Ongeza samaki mmoja au wawili kama nafasi ipo, wape chakula mara tatu badala ya moja, na punguza saa za skima. Samaki huyapa matumbawe amonia kidogo kidogo mchana kutwa, na tumbawe huipenda kuliko naitreti. Kama bado namba hazipandi, tumia chumvi halisi za maabara au za daraja la chakula, kamwe si mbolea ya shamba yenye mchanganyiko wa mambo mengine. Kwa lita 300, gramu 0.4 za naitreti ya sodiamu hupandisha naitreti kwa karibu 1. Kwa fosfeti, yeyusha gramu 4.3 za monopotasiamu fosfeti katika lita moja ya maji yaliyochujwa. Kila mililita itabeba miligramu 3, na mililita 2 zitapandisha tangi hilo kwa 0.02. Kwa siku moja usivuke kiwango hicho cha fosfeti, wala naitreti 1 hadi 2. Tumbawe dhaifu likipata mabadiliko ya ghafla linaweza kuchubuka ngozi kuanzia chini, na likianza hivyo mara nyingi halisimami.

Tumbawe likianza kupona halirudishi kwanza ile bluu au zambarau uliyolinunulia. Linaanza kuwa la kahawia. Wengi hushtuka hapo na kurudisha dawa ya kunyonya, wakidhani wamelichafua, kumbe vimwani vinazaliana upya. Liache. Angalia polipu kama zinatoka zaidi usiku, na ncha kama zina mstari mpya mweupe wa kukua, ambao ni mwembamba na laini, tofauti na weupe wa mfupa uliokauka. Rangi nyingine hufuata wiki kadhaa baadaye, taa ikibaki pale pale ilipo. Na kama unaendelea kuweka fosfeti kila siku na kila siku inasoma sifuri, mawe bado yananywa: endelea na dozi ile ile, pima kila baada ya siku mbili, na siku itakaposoma 0.03 punguza dozi kwa nusu.